Leso Iliyounga Mlolongo wa Taa

Jumapili, tarehe 21 Februari 1988. Kaskazi kavu, jua kali tangu asubuhi, na vumbi la Kisumu Ndogo, mtaa wetu wa Malindi, limekaa juu ya mabati kama unga. Wingu hata la kusingizia halikuwepo.

Nilitoka Malindi kwenda kwetu Magarini kupiga kura. Wenzangu wa karakana waliniuliza mtu mmoja akikosekana ataonekana wapi. Niliwajibu kwamba safari hii ataonekana. Hakuna sanduku wala karatasi, mteule wa chama, na chama ni kimoja tu, atapatikana kwa mlolongo. Picha ya kila mgombea inashikwa uwanjani, na wewe mwenye kadi unasimama nyuma ya yule umtakaye, mchana kweupe, mpaka uhesabiwe. Zamani kura ilikuwa siri yako. Sasa jirani anauona mgongo wako umeelekea wapi.

Mimi ni seremala, niliishia darasa la tano, na mambo ya siasa sijioni hodari wa kuyaeleza. Nitasema niliyoyaona, na la kusikia nitasema ni la kusikia.

Mbunge wetu ni Mheshimiwa Thoya, lakini ukiuliza kwa jina hilo utazungushwa. Sema Taa. Aliposimama mara ya kwanza, mwaka wa sabini na nne, alama yake kwenye karatasi ya kura ilikuwa taa ya chemni, na wasiojua kusoma waliambiwa watafute taa. Akashinda. Sabini na tisa akashinda, themanini na tatu akashinda tena, na jina likamganda. Mazuri yake nayajua: barabara ilichongwa, shule ya pili ikajengwa, na maji ya mfereji yakafika madukani. Mabaya yake pia nayajua. Zahanati aliyoahidi ina kuta hadi leo na paa haina, mbuzi wanalala humo. Na baada ya uchaguzi wa sabini na tisa alipotea mpaka watu wakaulizana kama yu hai.

Mpinzani wake safari hii alikuwa Bwana Nyale, mwenye magari ya mizigo, naye watu walishamwita Lori. Ni mtu wa maneno matamu, na najua kwa hakika kwamba anasomesha mayatima kijijini kwao.

Kilichonitoa nyumbani ni mtaro. Taa alikuwa amepata mabomba ya kuyavuta maji kutoka madukani mpaka kijijini kwetu, na kina mama wakachimba mtaro wenyewe kwa majembe. Kiongozi wao ni mama mkwe wangu. Mabomba yakaletwa, yakalazwa kando ya mtaro, kisha uchaguzi ukatangazwa na kazi ikasimama. Ikavuma kwamba Lori akishinda mabomba yatabebwa kwenda upande wa kwao. Mimi sikulisikia neno hilo kinywani mwake, na huenda si kweli. Lakini kina mama walilisikia, na walikuwa hawalali.

Mke wangu Dama alibaki kwa sababu ya mtoto mchanga. Alinifungia doti mpya ya leso nimpelekee mamake. Baiskeli niliazimwa na jirani yetu Baba Achieng, mtu wa bara, ambaye alinionya nisiirudishe na siasa ndani ya mnyororo.

Daraja la Sabaki nililivuka jua likiwa bado upande wa mashariki. Mto ulikuwa umepungua, maji mekundu yakijivuta katikati ya mchanga. Nikasukuma baiskeli kilima cha ng'ambo na kuendelea na njia ya kaskazini.

Mambrui nilisimama kwa muuza duka mmoja wa Kiswahili ninayemjua, mzee mwenye kofia ya kushona kwa mkono. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kisha akataka kujua nakwenda kumpangia nani mstari.

"Sijaamua sawasawa," nikasema.

"Mtu apande baiskeli na jua hili, hajaamua? Wewe wa Taa wewe. Mwambie taa yake yaishiwa na mafuta."

"Basi nakwenda kuitia."

Alicheka akanipa maji ya mtungini. Nikayanywa huku nikijishuku, kwa maana jibu lilinitoka kabla sijamaliza kufikiri. Tangu hapo nikajua nitasimama wapi.

Nilipoiacha barabara kubwa na kuingia njia ya Marafa, nikayaona mabomba. Yalikuwa yamelala kando ya mtaro kama nilivyoambiwa, na mchanga ulikuwa umeanza kurudi ndani. Mahali pengine mtaro ulikuwa hauzamishi hata goti.

Jioni nilifika kwa wakwe. Sisi Wagiriama mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Simpi mkono, sili naye, simpiti kwa karibu, na jina lake silitaji hata kwenye karatasi. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo nilikaa uani upande wa mbele, yeye akakaa upande wa jikoni, ukuta wa udongo katikati, na shemeji yangu Katana akawa anaketi pembeni ili maneno yapite kwake. Leso zilipitia kwake pia. Nikamsikia mama akizikunjua na kuzisifu, kisha akasema kwa sauti ya kunifikia:

"Katana, muulize mkwe wangu kama ameuona mtaro."

Nikasema nimeuona.

"Mwambie mikono iliyouchimba ni yetu. Wakiyachukua mabomba, tutabaki na kaburi refu lisilo na maiti."

Katana hakuona haja ya kulipitisha neno hilo.

Jumatatu asubuhi uwanja wa shule ulikuwa umejaa kabla ya umande kukauka. Picha ya Taa ilishikwa upande wa goli, ya Lori upande wa bendera. Msimamizi wa kituo alikuwa bwana wa bara, mpole, shati limepigwa pasi. Alitangaza kwamba mlolongo ni watu walioshikana mwili kwa mwili, na atakayekuwa nje ya mstari ni mtazamaji. Hakuna aliyepinga, maana lilikuwa neno la haki.

Nilichelewa kidogo kwa kutafuta pa kuiweka baiskeli ya watu. Nilipokuja kujipanga kwa Taa, mtu wa mwisho alikuwa bibi mmoja jirani, jina lake Kache, na mbele yake ni mama mkwe, amejifunga leso mpya. Nikashukuru kwamba Kache yuko katikati. Watu wakaja nyuma yangu, wengine wakaja nyuma yao, mstari ukaenda ukapinda kwenye madarasa.

Jua likapanda. Kache akashikwa na kizunguzungu, wenzake wakamwondoa mstarini na kumkalisha barazani. Basi mbele yangu pakabaki pengo, na ng'ambo ya pengo mgongo wa mama mkwe. Walio nyuma wakanisukuma nisogee. Badala ya kusogea mimi nikarudi nyuma, macho chini. Wa nyuma hawakujua sababu, nami sikuweza kuwapigia kelele huku mama anasikia. Pengo likazidi.

Msimamizi akaja akihesabu, anagusa hewa kwa kalamu juu ya kila kichwa. Akafika kwa mama mkwe, akaona uwazi, akafunga hesabu. Kisha akatuonyesha sisi wa nyuma kwa mkono na kusema watazamaji wasogee nje ya uwanja.

Nakiri hakuwa na nia mbaya. Alitoa kanuni asubuhi, na sasa aliifuata. Lakini nyuma yangu ndiko kulikokuwa na mlolongo wenyewe. Upande wa bendera walianza kuimba, kwa kuwa kwa hesabu ile Lori alikuwa amepata kituo. Watu wa nyuma yangu wakaanza kunitukana. Mmoja akauliza kama nimelipwa kukata mstari kama mtu akataye kamba ya mbuzi. Ningeelezaje habari za mama mkwe wangu mbele ya uwanja mzima, naye amesimama pale?

Yeye hakugeuka. Aliifungua leso ya mabegani, akashika pembe mbili, akairusha nyuma juu ya bega lake kama mtu aanikaye. Ikanyooka mpaka miguuni pangu.

"Mwambieni ashike," alisema, akiwa bado anatazama picha ya Taa.

Nikaokota ncha ya leso nikaishika. Sikumgusa, sikumsogelea, na tulikuwa tumeungana.

Msimamizi akauliza hiyo ni nini. Aliyemjibu si mtu wetu. Alikuwa Kahindi, wakala wa Lori, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kufumba macho. Alitoka upande wa bendera akaja mpaka pale, akaitazama leso, akanitazama mimi ninavyotokwa na jasho.

"Bwana, huyu ni mkwewe," alisema. "Hawezi kumsogelea, hata umpe nyumba ya ghorofa. Mstari haukukatika, umesimama kwa adabu. Wahesabu wote."

Wenzake walimzomea. Mmoja akamwita msaliti. Akawageukia akasema, "Nanyi mna mama wakwe. Kama ni uongo, nani kati yenu aende akasimame mgongoni kwa mkwewe tumwone?"

Hakuna aliyetoka. Hata upande wao walicheka. Msimamizi naye akacheka, akasema hata kwao jambo hilo lipo. Akaanza upya kutoka kwenye picha. Alipofika kwa mama mkwe, kalamu yake ikaifuata leso mpaka kwangu, ikaendelea nyuma yangu mpaka kwenye madarasa. Nilikuwa nimeishika ile ncha kwa mikono miwili, na siku zote nitakazoishi sidhani nitashika tena kitu kizito kama kile.

Kituo kikawa cha Taa. Wanawake walipiga vigelegele hata mbuzi wa zahanati wakatoka kutazama.

Alasiri gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza kwamba vituo vingi vingine navyo ni vyake, na Taa ameshinda mara ya nne. Kabla ya magharibi alifika mwenyewe, shati limelowa, sauti imekwisha. Habari ya leso ilikuwa imemtangulia. Alimwendea mama mkwe akainama kumwamkia, ingawa kwa umri hawapishani sana.

"Mama, nasikia umenishona."

"Nimekushona," akasema mama. "Uzi ni wa kwetu. Sasa mabomba."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na Taa akaliona hilo. Akasema mafundi watakuja wiki hiyo hiyo. Mama akamwambia kwamba hata zahanati iliahidiwa, na kwamba safari hii watamkalisha juu ya bomba mpaka maji yatoke. Alikubali mbele ya wote.

Jumanne asubuhi niliaga. Kwenye njia ya Marafa niliwakuta kina mama wamo mtaroni wanauzoa mchanga, wanaimba, na kati yao yumo mkewe Kahindi. Pikipiki ya fundi ilikuwa imeegeshwa kando. Mabomba mawili ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kuungwa. Niliinua kofia nikapita mbali, maana kiongozi wao alikuwa amesimama ukingoni.

Mambrui nilimwambia muuza duka kwamba mafuta yametiwa. Akaniuliza nani kayatia, nikasema ni mtu wa upande wa Lori. Alifikiri nimezidiwa na jua. Nilipomweleza akasema mtu kama Kahindi naye asimame siku moja. Nami nimelifikiri neno hilo njia nzima. Nilidhani nimekwenda kumwona mtu mmoja akishinda, nami nimerudi na habari ya mtu aliyeshindwa akiwa amesimama wima. Sijui kama nimeipima sawa furaha yangu, lakini mtaro nimeuona kwa macho yangu.

Daraja la Sabaki nililivuka upepo ukinisukuma mgongoni, na Kisumu Ndogo nikaingia kabla ya giza. Nilikuwa na jogoo hai kwenye kapu, zawadi ya mama mkwe, na leso ile moja amemrudishia Dama, imebaki na vumbi la uwanja. Dama aliinusa, akaitundika bila kuifua.

Jioni ile tulikula sima na yule jogoo kwa nazi, na mchicha. Baba Achieng tulimwita kwa sababu ya baiskeli, nikamsimulia habari ya leso. Mkeka ulikuwa mdogo, nikabaki nimekaa pembeni, akanivuta mkono.

"Sogea," akasema. "Hapa hakuna mama mkwe."