Mkono Wangu na Swichi Kuu

Jumapili, tarehe 4 Machi 2018, wakati wa chakula cha mchana, tulikuwa watu saba nyumbani kwangu: mimi, mke wangu, binti yetu, mume wake, watoto wao wawili, na mama mkwe wangu, aliyeletwa asubuhi ile kwa gari la binti pamoja na sanduku la nguo na mashine ya kupumulia. Mashine sikuihesabu miongoni mwa watu, japokuwa ndiyo iliyopewa nafasi nzuri kuliko sote, na ndiyo pekee iliyokuwa ikisema bila kukatizwa.

Yanipasa kueleza kwanza kwa nini chombo cha kumsaidia mwanamke mzee kuvuta pumzi kilinitia hofu ambayo watu wenye akili timamu humwekea chui.

Mimi ni fundi saa mstaafu. Fundi saa huiogopa sumaku kama muuza chumvi aiogopavyo mvua. Ndani ya saa mna kamani, yaani springi, nyembamba kama unywele. Ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hunatana, na saa huanza kukimbia mbele ya wakati kama mtu anayefukuzwa na wadai. Ndiyo maana juu ya meza yangu ya kazi haikukosekana dira ndogo, ya ukubwa wa kifungo cha koti. Saa ikisogezwa karibu nayo na mshale ukacheza, basi ugonjwa umejulikana.

Sasa ikawa kwamba, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, jirani na kibanda changu palifunguliwa kibanda cha kutengeneza simu. Haukupita muda nikaanza kuumwa kichwa. Meno yakawa yananivuma. Ngozi ya uso ikawaka kama ya mtu aliyeinamia tanuri. Nilikaa nikafikiri kwa utaratibu, kama nilivyofunzwa shuleni: ikiwa kamani ya chuma hudhurika, sembuse mishipa ya mwanadamu? Hoja ile ilikuwa na ufa mmoja tu, nao ni kwamba mishipa ya mwanadamu si ya chuma. Lakini mwenye kichwa kinachouma hakagui nyufa.

Nilikwenda kwa daktari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, maumivu yako nayaamini kabisa. Ila sioni kwamba yanaletwa na umeme. Tuanze na presha, macho na usingizi wako." Niliondoka na sentensi ya kwanza, zile nyingine nikamwachia pale pale mezani.

Tangu siku ile nyumba yangu ikaingia katika utawala mpya. Friji lilihamishiwa barazani, likasimama huko kama mgeni aliyebisha hodi asikaribishwe. Televisheni tulimpa binti. Pasi ya umeme iliondoka, ikarudi ya mkaa, nayo ikatoboa shati langu jema kuliko yote, na sikuthubutu kulalamika. Simu ya mke wangu niliiamuru ikae ndani ya sufuria yenye kifuniko, juu ya rafu ya jikoni, hata wageni wakazoea kumwita: "Mama, sufuria yako inalia." Kofia yangu niliitia bitana ya karatasi ya bati, ile ya kufunikia vyakula. Mjukuu wa kike, ambaye ulimi wake haujui kona, aliniuliza, "Babu, wewe utaiva saa ngapi?"

Dira ya kazini nilistaafu nayo. Nilitembea nayo chumba kwa chumba, nikipima. Popote nilipoinama kitandani mshale uliyumba, nami nikasogeza kitanda. Niliposogeza, ukayumba tena. Kitanda chetu kilizunguka chumba kama mkono wa saa mbovu, na mke wangu alikuwa akiamka akitafuta mlango ulipo. Kinyozi wa mtaani, ambaye mashine yake ya umeme niliikataa nikidai mkasi, tena nje ya duka, ndiye aliyenibandika jina la Mzee Dira. Kila akiniona nikipita husema, "Mzee Dira! Leo sumaku inavuma kutoka wapi, kaskazini au kusini?" Wateja wake hucheka hata kinyozi akasimamisha kazi, asije akamkata mtu sikio.

Kubwa kuliko yote lilikuwa swichi kuu. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda ukumbini, nikaishusha, nyumba nzima ikanyamaza, nikalala. Wajukuu waliuita wakati ule Saa ya Babu. Mke wangu aliuita mgomo. Alivumilia miaka saba. Akajifunza kugandisha chupa za maji ili maziwa yasichache, na akawa anawaambia majirani kuwa umeme wa upande wetu ni dhaifu. Mke anayesema uongo ili kumsitiri mumewe hana deni lolote kwake. Mume ndiye mwenye deni.

Kisha mapafu ya mama yake yakaanza kuchoka. Daktari wake aliagiza mashine ya oksijeni, isizimwe mchana wala usiku. Binti yetu alijitolea kumchukua, ila anakaa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Nyumba yetu ni ya chini, yenye vyumba vitatu na mlango mpana. Hapakuwa na cha kujadili, na kwa sababu hiyo nilijadili wiki nzima.

"Mama anakuja," mke wangu alisema mwishowe, huku akikunja nguo. "Anakuja na mashine yake. Sikuombi uipende."

"Chumba cha mwisho," nikasema. "Na mashine ikae ukuta wa mbali."

"Itakaa hapo."

"Nami nitavaa kofia."

"Vaa hata mbili. Lakini nisikilize, mzee. Swichi ile usiiguse. Siku utakayoigusa, nafungasha vitu vya mama na vyangu, tunapanda hizo ngazi kwa binti yetu hata kama nitambeba mgongoni. Na sitarudi kusikiliza sufuria ikilia."

Nilimwahidi. Nilimpa na mkono wa ahadi, na ni mkono ule ule ninaouzungumzia hapa.

Basi Jumapili ile tukala, tukanawa. Mama mkwe alipelekwa chumbani kwake, akaketi kwenye kiti chenye mito, na kimirija chake puani. Mashine ilinguruma kule mwisho wa ukumbi, nami meno yakaanza kunivuma. Mume wa binti yangu aliwatoa watoto kwenda kununua mikate. Wanawake wawili wakawa jikoni. Mimi nikainuka mezani nikiwaza, kwa unyofu kabisa, jinsi nilivyo mtu wa kutimiza ahadi. Nikiwa katikati ya wazo hilo nilipita ukumbini, mkono ukapanda wenyewe kama ulivyopanda kila siku kwa miaka saba, ukashusha swichi kuu. Nikaingia chumbani, nikavua viatu, nikajinyosha.

Ukimya ulikuwa mtamu. Meno yalitulia. Nilijisemea, "Alhamdulillahi, kumbe mashine yenyewe si mbaya kiasi hicho, nimeshaizoea."

Palisikika mlio mwembamba wa tahadhari, ti, ti, ti, nami nikalaani gari la jirani. Kisha sauti ya mke wangu ikapasua nyumba.

"Mama! Mama, tazama huku! Swichi! Nani yuko karibu na swichi?"

Nilikimbia peku, kofia ikiwa imekaa upande. Mama mkwe alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, midomo yake imepauka, mabega yakipanda na kushuka bila kupata kitu. Mke wangu alikuwa amemkumbatia. Na mimi, fundi niliyetumia maisha yangu kutafuta chanzo cha hitilafu, nikasimama mlangoni nikauliza, "Nani amezima umeme?"

Binti yangu alinipita mbio, akapandisha swichi, akarudi. "Baba," alisema akitweta, "nyumba hii ina mzimaji mwingine?"

Mashine ilinguruma upya. Tulisimama tukiitazama midomo ya yule mama mpaka rangi ikarudi, kidogo kidogo, kama uji unaoanza kushika. Alipopata pumzi ya kutosha maneno machache, aliyatumia kwangu.

"Mkwe wangu," alisema, "ukiwa umenichoka, uwe unaniambia. Nivae kwanza ile gauni mpya."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alifungua kabati, akatoa sanduku la mama yake ambalo halijamaliza hata nusu siku humo, akaanza kurudisha nguo ndani. Kisha akaenda chumbani kwetu, nikasikia sanduku lake mwenyewe likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Nilimfuata.

"Ulikuwa mkono tu," nilimwambia. "Sikukusudia."

"Ndiyo," alijibu bila kugeuka. "Najua hukukusudia. Kungekuwa na kukusudia ningekusihi uache. Mkono usio na mwenyewe nitausihi vipi?"



Nilirudi kwa mama mkwe kumwomba radhi kabla gari halijapakiwa. Nilisimama kizingitini, kwa sababu ya adabu na kwa sababu ya mashine, siwezi kusema ipi ilikuwa nzito zaidi.

"Ingia ukae," akasema. "Radhi haiombwi kwa kupiga kelele kutoka ukumbini."

"Mama, mashine hii inaniunguza uso."

"Nami isipokuwepo inanizika. Kaa hapo."

Niliketi kwenye kigoda, karibu nayo kuliko nilivyowahi kukaa karibu na chombo chochote cha umeme tangu nistaafu. Nilimwomba radhi, akaitikia. Kisha, kwa kuwa nilitaka aone kwamba mwendawazimu wake ana ushahidi, nilitoa dira yangu nikaiweka juu ya goti lake.

"Tazama mshale, mama. Utaona jinsi mashine inavyouvuta."

Alivaa miwani yake. Niliinama kumwonyesha. Mshale ukageuka. Nikaegemea nyuma, ukarudi. Nikainama tena, ukageuka tena.

"Mashine iko kushoto kwangu," alisema polepole, akipima kila neno kwa pumzi. "Wewe uko kulia. Mkwe wangu, mbona mshale unakufuata wewe?"

"Haiwezekani."

"Inama."

Niliinama.

"Kuna nini kwenye mfuko huo wa shati?"

Palikuwa na kikasha changu cha miwani. Zawadi ya mke wangu siku niliyostaafu. Kikasha kizuri cha ngozi nyeusi, ambacho hujifunga chenyewe, tap, bila kifungo wala zipu. Miaka saba nilikibeba juu ya moyo, kila siku, na kila nilipoinama kupima kitanda. Nilikitoa. Nilikisogeza kwenye dira. Mshale ulikirukia kama mbwa amwonaye mwenyewe amerudi safari.

Mama mkwe aliutazama mshale, akanitazama mimi na kofia yangu ya bati.

"Nyani haoni..." alianza, kisha akakumbuka kuwa anazungumza na mkwewe, akafunga mdomo kwa heshima. Lakini mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka kicheko kisicho na sauti, kwa kuwa sauti hugharimu pumzi, na machozi yakamtoka. Mke wangu aliingia mbio akidhani mama yake amezidiwa tena, akatukuta: mama anafuta macho, mume ameshika kikasha kwa vidole viwili kama aliyeshika panya.

Alielezwa. Alikichukua kikasha, akakifungua na kukifunga. Tap. Akakifungua, akakifunga. Tap.

"Kitanda changu," alisema mwishowe. "Miaka saba nimesukuma kitanda." Naye akakaa chini, akacheka kwa niaba ya mama yake pia.

Nisimdanganye msomaji. Kichwa hakikuacha kuuma kwa sababu ya kikasha. Kiliuma pale pale na kinauma leo, na nimeanza kuzisikiliza zile sentensi nyingine za daktari. Wala kicheko hakikurudisha nguo kabatini: mke wangu alipomaliza kucheka alifuta uso, akasema, "Haya, lakini swichi iko pale pale, na mkono uko pale pale."

Hapo nilijua la kufanya, kwa kuwa hiyo ilikuwa hitilafu ya mashine, na mashine nazijua. Nilitoa zana zangu chini ya meza. Nilikata bati la shaba, ambayo haishiki sumaku, nikalikunja, nikatengeneza kijumba cha kuifunika swichi kuu, chenye mlango unaofungwa kwa skrubu ndogo ya saa. Mkono uliozoea unaweza kushusha swichi bila idhini ya mwenyewe. Hauwezi kufungua skrubu ile bila bisibisi, bila miwani, na bila mwenyewe kujua anafanya nini. Bisibisi ya skrubu hiyo nilimpa mke wangu, mbele ya mama yake, iwe mikononi mwake kwa siku ya dharura.

Aliigeuza geuza. "Unayo nyingine?"

"Ninayo."

Alinyosha kiganja. Nikaitoa mfukoni, nikampa.

"Na nyingine?"

"Hakuna tena, wallahi."

Akaenda kufungua sanduku la mama yake, akatoa gauni moja moja na kuzirudisha kabatini. La kwake alilisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Mjukuu wa kike, aliyerudi na mikate na kukuta mambo yamekwisha, alikizunguka kijumba cha shaba akauliza, "Babu, saa yako umeifungia humu?" Nikamwambia ndiyo.

Jioni gari liliondoka na watu wanne: binti yetu, mume wake, na watoto wao wawili. Nyumbani tulibaki watatu: mama mkwe, mke wangu na mimi. Mashine ilikuwa ikifanya kazi.