Masikio ya Hilja

Dada yangu Aune alifanya kazi katika kiwanda cha mbao miaka thelathini na mmoja, na kiwanda hicho kikawa kisingizio chake. Ukimwita asipoitika, alisema, "Misumeno imenila masikio." Watu waliitikia kwa heshima, maana uziwi wa kazini kwetu Kainuu, mkoa wa misitu na baridi, haumwaibishi mtu.

Uziwi wa mama yetu Hilja haukuwa na heshima hiyo. Ulimwanza akiwa na miaka arobaini, naye hakuwahi kukanyaga kiwandani, alikamua ng'ombe tu. Mimi na Aune tulikuwa tukisimama mbele yake tunachezesha midomo bila sauti. Yeye anaitikia, "Ndiyo, vizuri," nasi tunacheka hadi machozi. Hujafa hujaumbika. Naandika haya uso unaniwaka.

Aune alipokwenda kupimwa nilimsindikiza. Daktari akamuuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo.

"Kwetu? Thubutu! Sisi tuna masikio ya paka."

Daktari alisema kelele peke yake mara nyingi haitoshi. Kuna vinasaba, vingi na vidogo vidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo. Mzazi humpa mtoto bila kujua, kisha umri na kelele humalizia kazi. Aune alinitazama. Nikainuka kumchukulia koti lake.

Njiani akanishika mkono. "Lempi, Virve asijue. Mwanangu anafundisha muziki. Nimwambie nimemrithisha nini?" Nikaapa.

Jumamosi moja ya Agosti mimi, Aune na Virve tulikuwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke. Aune alikuwa amevua vifaa vya kusikilizia alivyopewa na daktari, ambavyo huvificha chini ya nywele, kwa kuwa joto huviharibu. Virve alijua mama yake ni mzito kidogo wa kusikia. Hakujua kwamba bila vifaa haambulii kitu. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama mawe ya moto.

"Mama, mwaka huu sijawasikia panzi. Wanafunzi wananiambia wanalia kila mahali, mimi sisikii. Naogopa."

"Ndiyo, vizuri," akasema Aune. "Ongeza maji."

Virve alimwaga kata nzima juu ya mawe, akatoka, akavaa, akaondoka na gari lake bila hata kunywa kahawa.

"Kakasirika nini huyu?" Aune akaniuliza.

"Joto limemzidi," nikamjibu kwa kupiga kelele.

Majira yote ya baridi Virve hakutia mguu kwa mama yake. Aune alioka mikate yake ya Krismasi, ikakauka mezani. Kwetu mtu kukaa kimya si jambo la kuulizwa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Mwezi Machi Virve alinipigia simu. Hospitali walimuuliza habari za ukoo, naye akawaambia kama alivyofundishwa, kwamba kwetu hakuna kiziwi. Hapo wakaamua apigwe picha ya kichwa, huenda ni uvimbe. Ilikuwa bado siku nne.

"Nimeshaandika wosia, mama mdogo," akasema. "Mama usimwambie. Yeye atasema vizuri."

Nilikwenda kwa Aune, nikamweleza yote. Hakulia. Alifunga nywele zake juu kabisa, vile vifaa vikaonekana masikioni mwake kwa mara ya kwanza mbele za watu, akasema twende.

Virve alitufungulia mlango akiwa na soksi mguu mmoja.

"Bibi yako hakuwa mpumbavu kama tulivyokuambia," Aune akasema kabla hata ya kuketi. "Alikuwa kiziwi. Mimi pia ni kiziwi, na masikio yangu ni yale yale yake. Misumeno nilikuwa naisingizia tu. Nilimdanganya daktari, nikakudanganya na wewe. Nenda kawaambie hospitali."

"Nilikwambia naogopa, ukaniambia niongeze maji!"

"Sikusikia, mwanangu. Kule ndani sisikii kitu. Naomba urudie, nakusikiliza."

Virve alirudia yote, panzi na wanafunzi na hofu yake, akimwangalia usoni, na mama yake akamshika mikono yote miwili. Kisha Virve akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama mdogo? Masikio yako nayo ni ya bibi?"

Vile vinasaba mimi vimenipita. Nina miaka sabini na moja na bado nawasikia panzi hadi ng'ambo ya ziwa.

"Hapana," nikasema. "Siku ile sauna mimi nilisikia kila neno."