Mafungu ya Sauti Niliyompigia Baba Kaburini

Watu husema uzee hufuta aibu. Sijui ni nani aliyelichunguza jambo hilo, maana mimi nimezeeka na aibu yangu ingali na meno yote. Na kwa kuwa ninyi hamchoki kuniuliza kwa nini gitaa langu ukutani halina nyuzi, ketini niwaeleze mara moja, kisha msiniulize tena.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana mjini Arusha, nimepanga chumba Kaloleni, ukuta kwa ukuta na Bwana Sefu, fundi cherehani mwenye asili ya Tanga aliyekuwa akipiga udi, lile gitaa la Kiarabu lenye tumbo la mviringo, jioni. Kwake nilijifunza ngazi moja ya sauti iliyoninyima usingizi: ya kwanza na ya pili zimebanana kama waumini kwenye benchi siku ya Krismasi, kisha kati ya pili na tatu pana pengo ambalo nyimbo zetu za kanisani hazilijui. Nami (msomi kijana haachi kitu kilivyo) nikaamua kuitengenezea mafungu ya gitaa: unachukua sauti moja, unairuka inayofuata, unachukua ya tatu, unaruka tena, unachukua ya tano, kisha unazipiga zote kwa pamoja. Fungu la kwanza lilitoka angavu. La pili, nafasi moja tu mbele, likatoka angavu vilevile. Lakini lile la tano, ambalo kanisani ndilo humrudisha mwimbaji nyumbani kwenye fungu la kwanza, lilitoka limekunja uso.

"Mwalimu," Bwana Sefu aliniambia huku akitunga uzi, "ngazi hii hupandwa na mtu mmoja mmoja. Wewe unataka kuipanda na ukoo mzima."

Nilicheka, nikaendelea.

Ndipo baba yangu alipofariki, kwetu huko juu, kwenye miteremko ya Meru. Katika nyumba yetu ilikuwa desturi kwamba kabla ya udongo wa kwanza kutupwa, mjane humwimbia mumewe wimbo alioupenda. Wa baba ulikuwa ule aliouimba akipogoa mibuni, na baada yake hakuna aliyeujua mwanzo hadi mwisho isipokuwa mama. Mimi niliyekulia bwenini nilikuwa nimesikia vipande tu. Mama, kwa kuwa kilio kilikuwa kimemkausha koo, akaniomba nimshike mkono kwa gitaa.

"Njoo jikoni nikuimbie kwanza, mwanangu."

Sasa, muda mfupi kabla ya hapo, binamu yangu Elirehema alikuwa amenivuta kando ya migomba. "Wimbo ule mzee aliutoa pwani," alisema, "alipokuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani. Wa Kiarabu kabisa. Nimesikia." Sikumwuliza amesikia kwa nani. Habari ile ilikaa vizuri mno juu ya mafungu yangu, na kipande kimoja nilichokikumbuka kilionekana kuafiki, basi nikamjibu mama: "Pumzika, mama. Ninaufahamu."

Kaburini mama alianza, nami nikaanza, na fungu la kwanza likapatana naye vizuri hata wanawake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha nikasogeza vidole kwenda la pili, naye akawa amekwenda kwingine. Alisita. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, lakini mimi nilidhani huzuni ndiyo iliyompoteza, nikapiga kwa nguvu zaidi ili nimwongoze, naye akapaza sauti ili anishinde, na wanawake waliokuwa wakimwitikia wakagawanyika, nusu kwake, nusu kwangu, na kijana mmoja wa kwaya akaficha uso ndani ya kofia yake, mabega yakimtikisika.

"Mwalimu," baba mdogo aliuliza kwa upole wa kutisha, "tunamzika Mlutheri, au mwezi wa Ramadhani umeandama?"

Wengine walicheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka bila ruhusa. Nikafika kwenye lile fungu lililokunja uso, na mama akanyamaza. Alifungua kinywa mara mbili. Hapakutoka kitu. Mchungaji alingoja, akakohoa, akainama akachukua udongo, na baba akafukiwa bila wimbo wake.

Jioni nilimkuta mama jikoni.

"Niimbie sasa, mama. Nitakaa kimya."

Alijaribu. Alianza, akafika mahali pale pale, akatikisa kichwa. "Kila nikifika hapa linanijia gitaa lako," alisema. "Nimeupoteza, baba." (Alipenda kuniita hivyo.) Hakunigombeza. Miaka aliyobaki nayo nilimsikia mara nyingi kati ya mibuni akianza na kukomea pale pale, hadi naye tukamzika, na jioni hiyo nikazing'oa nyuzi za gitaa.

Tangu mazishi ya baba simsindikizi mtu, hata kwa sauti tu, ambaye sijamsikiliza, wala sipokei neno bila kuuliza limetoka kwa nani. Mnaniona mkali kwa hilo. Lakini hata leo mkiniuliza kama wimbo wa baba ulitoka pwani au ulizaliwa hapa hapa mlimani, sina la kuwajibu. Shahidi alikuwa jikoni ananiita, nami nilisema ninaufahamu.