Mchambua Nyuzi wa Mbebe

Ferista, muuza chai kando ya barabara iliyokuwa ikijengwa Mbebe, hakuwahi kumsikia fundi wa maabara ya ujenzi huo akipaza sauti. Kila asubuhi fundi alikaa juu ya ndoo, akizichambua kwa vidole nyuzi za plastiki za kuchanganywa na kokoto na saruji. Siku moja msimamizi alitaka zimwagwe zikiwa mabonge. "Zikiingia hivi, bosi, tabaka la barabara litapasuka," fundi alisema taratibu, akaendelea kuchambua mpaka msimamizi naye akakaa kumsaidia. Masika yaliyofuata, gari la wagonjwa lililombeba binti wa Ferista lilipanda kilima cha barabara hiyo bila kukwama, naye akajifungua salama hospitalini. Ferista akamfuata fundi kazini.

"Asante, baba. Barabara yako imeniletea mjukuu."

Fundi alivua kofia, kisha akauliza mtoto ana kilo ngapi.