Maua ya Ghati, Panga la Nchagwa

Ghati wa Nyansurura alikuwa mjane asiye na mtoto, na shemeji yake Nchagwa hakumwacha asahau hilo. Alitaka amrithi, la sivyo afungashe virago arudi kwao. Ghati akakataa yote mawili. Palepale uani walipokuwa wakilala ng'ombe wa marehemu, akapanda mti mdogo wa maua meupe, wenye utomvu kama maziwa. Kitawi alipewa na mtunza bustani wa kambi ya watalii kule Natta, alikokuwa akifua mashuka.

Nchagwa alipouona alipandwa na mori.

"Huu ni mji wa ng'ombe, mwanamke! Maua kayapande kwa mama yako!"

Akaufyeka kwa panga, kisha akamchapa Ghati kwa ubapa wake mpaka mgongo ukavimba. Kazi bure. Ghati aliviweka vipande kivulini mpaka mikato yake ikakauka, akavichomeka ardhini, vikashika. Nchagwa akarudi, akafyeka, akamng'oa jino kwa ngumi. Ghati akatema damu, akachomeka tena. Mkaidi kweli, na heri alikuwa mkaidi.

Ndipo akatoa ng'ombe wake wote kuwa mahari, akamwoa msichana aitwaye Rhobi, kama wafanyavyo wanawake wa Kikurya wasio na mtoto wa kiume. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mtoto ambaye Rhobi angezaa na mwanaume wa kuchaguliwa angekuwa wa Ghati, na mji ungekuwa wa mtoto huyo. Haukupita muda, tumbo la Rhobi likaanza kuonekana.

Nchagwa akaja mchana kweupe, panga mkononi. Ghati alikimbilia kwenye mti, akausimamia kifua mbele. Alikosea vibaya. Nchagwa aliupita mti bila kuutazama, akaelekea jikoni alikokuwa Rhobi.

Hapo Ghati aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Akanyakua mchi wa kutwangia, akamwahi mlangoni. Panga lilimkata vidole viwili. Mchi ukavunja mkono wa Nchagwa, halafu ukavunja goti lake. Angeendelea kumtwanga kama majirani wasingesikia yowe la Rhobi wakaja kumshika.

Wazee walifika wakamkuta Nchagwa akigaagaa mavumbini, akilia kwamba ameonewa.

"Nani amempiga mwanaume huyu hivi?" mmoja akauliza.

Rhobi alikuwa ameinama, akimfunga Ghati mkono kwa kitenge. Hakuinua hata uso.

"Mume wangu," alisema.