Sindano ya Kupungua na Mizizi ya Wakorea

Siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ni ile dada yangu Odia alipoishiwa pumzi akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwetu mtaa wa Kapata, hapa Kolwezi. Harusi yake ilikuwa karibu. Enzi zetu hakuna aliyetafuta kupungua. Bibi harusi mwembamba aliaibisha ukoo mzima. Basi Odia alikuwa akimeza vidonge vya kunenepesha vya sokoni, na juu yake akinywa mizizi ya mganga.

Mama Mukubwa, dada wa mama yetu na mkunga wa zahanati, alimshika mkono akasikiliza mapigo.

"We Odia, moyo inakimbia hivi juu ya nini? Unakunywa nini?"

"Dawa mbili tu, mama. Batu ba bwana bataniseka, niko mukonda." Aliogopa wakwe wangemcheka kwa wembamba.

"Bakuseke ukiwa muzima! Ile kidonge, unajua njo ya nini? Na mwenye kukupatia mizizi, anajua unameza kidonge?"

Odia akatikisa kichwa: kidonge hakukijua, wala mganga hakuambiwa. Alipelekwa zahanati mchana huohuo, akaachishwa dawa zote mbili, na moyo ukatulia polepole. Aliolewa akiwa na wembamba wake uleule, na wakwe walicheza mpaka viatu vikakatika.

Sasa daktari amekuambia kilo zinakupandishia sukari, nawe unaniuliza: sindano ya kupunguza uzito, au mitishamba ya Wakorea unayoiona kwenye simu? Sindano hupunguza njaa na kukawiza chakula tumboni. Imejaribiwa kwa watu wengi, kipimo chake kinajulikana. Lakini huleta kichefuchefu, inataka daktari na mahali pa baridi pa kuihifadhi, na ukiiacha uzito unaweza kurudi. Mitishamba ya Wakorea nayo si ya kudharau. Kwao, tabibu aliyeisomea hupima mapigo yako, kisha huchanganya mizizi kwa ajili yako peke yako. Ila baadhi ya michanganyiko ya kupunguza uzito ina mmea unaoharakisha moyo, na ushahidi wake ni mdogo kuliko wa sindano. Tena pakiti inayofika Kolwezi ndani ya begi la mfanyabiashara haijakushika mkono kupima mapigo.

Mimi nasema hivi: daktari akikuandikia sindano, ichukue kwake, si kwa muuzaji wa njiani. Mshika mbili, moja humponyoka. Usichanganye, wala usimfiche daktari hata kikombe kimoja cha majani. Ule vizuri, utembee. Kuuliza si ujinga, na wewe umeanza vema.

Mungu akupe mwili wenye nguvu, mwanangu, na wajukuu wa kukuchosha.