Kilatini Mlangoni pa Bani

Harufu ya tumbaku inayokauka huwapigisha wengine chafya. Mimi hunirudisha kwetu Ushetu, miaka ya sitini, msimu aliofariki mama. Bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, kilikuwa kimejaa majani, na moto wake haukuachwa uzimike, hata kukiwa na msiba. Kaka yangu Petro, mtoto wa kwanza, alikuwa ametoka seminari na anajiandaa kwa mtihani wa Kilatini wa kuingia chuo kikuu. Asipofaulu huo, chuo asahau. Basi wakampa kazi ya kuchochea moto, akaketi mlangoni na kitabu chake, nami kando yake nikimpa kuni. Sikuwa nimelia. Wanawake walinong'onezana, "Huyu mtoto vipi?" Sikusikia uchungu wala njaa. Ganzi tupu. Petro naye hivyo hivyo. Aliniambia yote aliyoyajua yamefutika kichwani, ikabidi aanze upya na somo la kwanza kabisa, la neno meza. Akawa analikariri kwa sauti, mensa, mensam, mensae, macho makavu yakitazama moto.

Wakati huo misa ilikuwa bado ya Kilatini. Waombolezaji waliposikia, wanaume wakavua kofia. Shangazi, dada yake baba, akapiga magoti, akaitikia, "Amina!" Uwanja mzima ukaitikia. Lo! Petro alinitazama, hakucheka, hakukanusha, akaendelea. Kila alipotua, Amina. Shangazi akamletea uji, akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu."

Siku ya kusafiri kwenda kwenye mtihani ikafika, matanga bado. Shangazi akaja juu. "Aende wapi? Nani atamsalia mama yake? Padri mwenyewe hatujamwona!" Wazee wakamuunga mkono, maana mtoto wa kwanza haondoki kabla ya matanga kuondolewa. Petro akapiga goti mbele ya baba.

"Baba, sikuwa nasali. Nilikuwa nasema meza. Meza tu."

Nilidhani baba atamrukia.

"Najua," akasema. "Hukumtaja Mungu hata mara moja. Lakini nami niliitikia. Nenda, mwanangu."

Shangazi akajifunika khanga usoni. Kisha akaenda mwenyewe kuchochea moto.

Petro alifaulu, akasoma, akafundisha, na sasa ni mzee mstaafu pale Kambarage, Shinyanga mjini. Kilatini hakimsaidii mtu tena. Misiba ya siku hizi ina vipaza sauti na kwaya, na watu wanazika asubuhi, jioni wako safarini, hakuna wa kuwazuia. Huko nami hulia, tena sana, hata kwa marehemu nisiyemjua vizuri. Majuzi nilimuuliza Petro kama aliwahi kumlilia mama. Mzee wa watu akaniambia, "Bado." Nikamwambia hata mimi.